Marius Renard, kijana fundi wa mbao mwenye alipewa figo na mama yake

Mwezi wa 12 mwaka 1952, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville na batata betu balikuwa banatumika Shituru kwa Union Minière, kijana moja wa miaka 16 alianguka toka juu kwenye kazi kule Ufaransa. Jina yake Marius Renard. Alikuwa fundi wa mbao za majengo, mutoto wa bantu ba kazi wa upande wa Oise, kaskazini ya Paris. Mbele ya ile siku, nani alimujua inje ya kwabo? Maisha yake yenye dunia inakumbuka haipite wiki sita.

Alianguka na ubavu wa kuume. Figo ya ule upande ilipasuka na damu ilikuwa inamwangika ndani. Banganga balimupasua, balitosha ile figo, balishona. Kila munganga angefanya vile: muntu anaishi muzuri na figo moja. Lakini siku zilipita, kijana hakukojoa hata tone. Njo pale balitambua kitu chenye hata mama yake hakujua: Marius alizaliwa na figo moja tu, na ni ile yenye balikuwa bametosha. Ile inafikaka. Kati ya bantu elfu moja ao elfu mbili, unaweza kukuta moja mwenye kuwa vile, anakula, anabeba mizigo, anazeeka, bila kujua. Leo, mbele ya kutosha figo, banaangalia na mashine kama ya pili iko.

Muntu bila figo anahesabu siku. Figo njo inasafisha damu. Kama haiko, uchafu unabakia ndani, na potasiamu yenye kutoka mu chakula inapanda mupaka inasimamisha mutima. Mashine ya kusafisha damu, yenye tunaita dialize, Munganga Kolff alikuwa ameitengeneza kule Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita. Lakini pa lopitalo Necker, kule Paris, kwenye balimupeleka Marius, haikukuwa bado.

Pale Necker mukubwa wa kazi alikuwa Jean Hamburger, munganga wa miaka 43. Mama ya Marius, Gilberte, alikuja kwake na neno moja: bakamate figo yake moja, bamupe mutoto.

Tusifikiri kama banganga balifurahi. Kazi ya munganga ni kuponesha mugonjwa. Kulaza muntu muzima juu ya meza, kumupasua, kumutosha kitu chenye mwili wake unahitaji, ile haikukuwa desturi ya bunganga. Tena mwaka wa mbele, 1951, banganga ba Paris balikuwa bamejaribu kupandikiza mafigo ya bafungwa benye balikatwa kichwa na sheria, na bagonjwa bote balikufa. Gilberte alikaza. Balipima damu yabo, ikapatana. Bilikuwa kuchagua kati ya kujaribu na kumwangalia kijana anakufa juu ya kitanda. Mimi naona ule mama njo alibeba muzigo wa kuamua, kupita banganga bote.

Usiku wa Noeli, kuanza tarehe 24 kuingia 25, balimupasua mama na balimupasua mutoto. Mupasuaji mukubwa aliitwa Louis Michon. Bengi banawaza figo mupya inawekwa kwenye nafasi ya ile ya zamani, mugongoni. Hapana. Inawekwa chini, mbele, karibu na mufupa wa nyonga, kwa sababu pale mishipa mikubwa ya damu iko karibu na kibofu cha mikojo hakiko mbali. Balifunga mishipa, balifungua damu ipite, na figo ya Gilberte ilianza kazi palepale. Mikojo ilitoka.

Magazeti na radio zilishika ile habari, na Ufaransa muzima ulikuwa unafuata afya ya ule kijana kama vile ni mutoto wa kila nyumba. Alikuwa na akili yake, damu yake ilianza kuwa safi. Wiki moja, mbili, tatu. Kiisha, siku ya 22, figo ilisimama. Mashine hakuna, figo ingine hakuna. Marius alikufa tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 1953.

Basi, mama alitoa figo yake bule? Kuko benye banasema vile. Mimi sikubali, na sababu ni hii. Na mafigo ya bafungwa, banganga habakuweza kujua muzuri kosa iko wapi: ni figo yenye ilitoka mu muntu amekufa? Ni kushona? Ni damu haikupatana? Na figo ya Gilberte, yenye kutoka muzima moja kwa moja, ilitumika siku 21 bila matata. Kushona kulikuwa kuzuri. Figo ilikuwa nzuri. Mwili wa Marius njo ulijifunza pole pole kama ile nyama si yake, hata ikiwa ya mama yake, na uliitupa.

Muntu mwenye mwili wake hauwezi kutupa nyama ya mwingine ni wa mapasa, bale ba kufanana kabisa. Njo maana mwaka 1954, tarehe 23 mwezi wa 12, kule Boston mu Marekani, Munganga Joseph Murray alikamata figo ya Ronald Herrick na kuipa Richard, pacha yake. Mbele ya ile, ilibidi bahakikishe ni mapasa ya kweli: balibadilisha vipande vya ngozi kati yabo, hata alama za vidole balizipeleka kuangaliwa kwa polisi. Ile grefe ilikubali. Richard alioa muuguzi mwenye alimuchunga lopitalo, balizaa, na aliishi miaka nane, mupaka 1963.

Kwa benye habana mapasa, ilibidi kungojea dawa za kutuliza mwili usitupe figo. Pa Necker Hamburger hakuacha. Mwaka 1962, paleplale kwenye Marius alikufa, grefe ya figo yenye kutoka kwa binamu ilikubali. Tangu miaka ya 1980, na dawa yenye jina siklosporini, hata bibi anaweza kumupa bwana yake, ao rafiki kumupa rafiki. Karibu na sisi, pa Muhimbili kule Dar es Salaam, balianza mwezi wa 11 mwaka 2017, na figo za bandugu.

Mu jamaa zetu, wakati ndugu anafika kwenye dialize, makutano inaitishwa na kila muntu anaangalia chini. Ni haki kuuliza. Mwenye kutoa anapimwa mbele: sukari, tensio, figo mbili, roho yenye haikusukumwa na muntu. Nani ana tensio ao sukari, mara mingi banamurudisha. Kiisha kutosha, figo yenye kubakia inakomaa na inafikisha karibu asilimia 70 ya nguvu za zote mbili. Kazi ya nguvu, ya kupiga nyundo ao ya kubeba, inangojea wiki sita hivi. Hatari ya kufa mu kupasuliwa iko, tusiifiche: karibu bantu 3 kati ya 10 000. Na mwenye kupokea atameza dawa kila siku, maisha yote, na ile dawa ina bei. Pale njo makutano ya jamaa inapashwa kuongea muda murefu, mbele ya mutu kulala kwenye meza.

Ronald Herrick, yeye, alirudia kwenye shamba na kwenye kufundisha hesabu. Alikufa mwaka 2010, na miaka 79, na ile figo yake moja.