Haggard, Foulata na muvi ya 1950

Siku ukitumwa leso Biashara Street, muulize mzee yeyote unayemkuta dukani kama alisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani. Akiwa alikisoma, hutatoka hapo upesi. Atakuanzia na Gagula, yule bibi mchawi.

Aliyekitunga, Henry Rider Haggard, alizaliwa Uingereza 1856. Akiwa na miaka 19 alipelekwa Afrika Kusini. Aliporudi kwao akabishana na kaka yake kwamba anaweza kuandika hadithi inayoshinda Treasure Island, akaimaliza kwa wiki chache tu. Ikatoka 1885. Ndugu yake mwingine, Jack, aliwahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza hapo Lamu, jirani zetu kabisa. Haggard alifariki 1925.

Sasa njoo kwa muvi ya 1950. Ilipigwa huku huku Afrika Mashariki, na Kiswahili unakisikia ndani. Basi si ungetarajia kumwona Foulata, yule msichana Mwafrika aliyempenda Kapteni Good, akadungwa kisu na Gagula? Hayumo. Badala yake kuna bibi Mzungu, Deborah Kerr, anayemtafuta mumewe. Kitabuni anayetafutwa ni ndugu, wala hakuna bibi Mzungu safarini.

Ukiudhika, una haki. Lakini fungua kitabu tena. Baada ya Foulata kufa, Haggard anamfanya msimulizi wake, Quatermain, aone ni afadhali, maana mapenzi yale na Mzungu yangezua balaa.