Jimmy Winkfield, joki mweusi wa farasi wakali

Kwetu Katanga farasi si nyama wa kila siku. Wengi wetu tunamuona kwenye televizyo tu, anapiga mbio na mutu mudogo mugongoni, na hata hivyo tunasimama kuangalia mpaka mwisho. Juu ya nini? Sisi tunaona hivi: farasi wa mashindano ana kilo karibu 500, mutu anayemupanda hafiki hata 60. Kwa nguvu hamuwezi. Ni lazima waelewane, ao mutu aanguke. Mumoja aliyejua mambo hayo kupita wengi alikuwa mutoto wa wakulima weusi, jina lake Jimmy Winkfield.

Alizaliwa mwaka 1882 huko Chilesburg, karibu na muji wa Lexington, Kentucky, inchi ya Marekani. Kwao walizaliwa watoto 17, yeye njo wa mwisho. Kazi ya farasi huko Kentucky ilikuwa ya watu weusi tangu siku za utumwa: wao njo walilala karibu na farasi, wakawaosha na kuwalisha, na siku ya mbio wao njo waliopanda. Derby ya kwanza ya Kentucky, mwaka 1875, ilikuwa na majoki 15. Kati yao 13 walikuwa weusi.

Mbio yake ya kwanza, mwaka 1898 huko Chicago, ilimuharibikia. Alitaka kupenya katikati ya wenzake, farasi wanne wakagongana, wakubwa wakamukataza kupanda mwaka muzima. Alirudi na adabu. Mwaka 1901 akashinda Derby juu ya farasi His Eminence.

Lakini mbio ya 1902 njo inatupendeza zaidi. Tajiri alikuwa na farasi wawili, The Rival na Alan-a-Dale. Joki Muzungu njo alipaswa kuchagua kwanza. Winkfield alijua kama Alan-a-Dale ni muzuri kupita, hata kama miguu yake ilikuwa na ugonjwa. Basi siku za mazoezi akamushika polepole, asionyeshe mbio yake yote. Muzungu akachagua The Rival. Siku ya Derby, Alan-a-Dale alitangulia, kisha muguu ukaanza kumuuma mbele ya kumaliza. Winkfield alijua jambo lingine: upande wa nje wa uwanja muchanga ulikuwa mwingi na laini. Kila aliyekuja kumupita, alimusukumia kule kwenye muchanga. Kilometa mbili zikaisha, na farasi mwenye kuchechemea akashinda kwa urefu wa pua tu. Wengine watasema ni ujanja. Sisi tunasema ni kujua kazi, kama vile mufanyakazi wa mugodi anavyojua jiwe gani litaanguka.

Mwaka 1903 alitaka kushinda mara ya tatu, akamuachilia farasi wake Early mapema sana, akawa wa pili. Mwaka uleule akakosana na Bwana Madden, tajiri mukubwa wa farasi: alikuwa amekubali kumupandia, kisha akaenda kumupandia mwingine aliyemulipa zaidi. Hapo hatumutetei, kontra ni kontra. Lakini azabu ilipita kosa. Na wakati uleule majoki Wazungu walikuwa wanawasukuma weusi kwenye uzio katikati ya mbio, mpaka matajiri wakaogopa kuwapa farasi. Kazi iliyokuwa yao ikawaponyoka.

Mwaka 1904 Winkfield akaenda Urusi. Kule hakuna aliyemufungia mulango. Akashinda mbio kubwa za Moscow na Warsaw, akaishi kama bwana mukubwa. Kisha yakaja mapinduzi ya 1917. Watu wa farasi wakakimbilia Odessa, na mwaka 1919 vita ikawafikia huko pia. Winkfield na wenzake wakachukua farasi zaidi ya 200, wale wenye damu ya moto, wenye kushtuka kwa sauti ndogo, wakawaongoza mpaka Warsaw, zaidi ya kilometa 1,500, kwenye milima na baridi. Njaa ilipozidi, wakakula wamoja wao. Fikirini mutu aliyewalea farasi toka utoto, anakula farasi ili wengine wafike.

Kutoka Poland akahamia Ufaransa, akapanda mpaka mwaka 1930, na umri karibu 50. Akajenga mazizi yake Maisons-Laffitte, karibu na Paris, akawa mufundishaji wa farasi. Wajerumani walipoingia wakachukua mazizi. Mwaka 1941 akarudi Marekani, na pale bingwa wa Derby mara mbili akashika mashine ya kupasua mawe ya barabara kama kibarua. Wasomaji wetu wanajua mashine ile inavyotikisa mukono mpaka usiku. Kisha akarudia farasi, lakini farasi wa wengine, mpaka mwaka 1953 alipoweza kurudi Maisons-Laffitte.

Mwaka 1961 waandishi wa habari za farasi walimualika Louisville kwa karamu ya Derby. Mulangoni mwa hoteli wakamusimamisha, yeye na binti yake, juu ya rangi. Walingoja mpaka wakaruhusiwa, na mle ndani watu wachache tu walimusemesha.

Alikufa Maisons-Laffitte mwezi wa tatu 1974. Mwaka 2004 jina lake likaandikwa kati ya mabingwa wa mbio za farasi wa Marekani. Tangu ile siku ya Alan-a-Dale, hakuna Mumarekani mweusi mwingine aliyeshinda Derby ya Kentucky.