CHANDRASEKHAR, KIJANA ALIYEPIMA NYOTA KWA PENSELI

Mwaka huu wenzangu wengi chamani wameandika juu ya mashujaa wa uhuru na waandishi mashuhuri. Mimi nimeonelea niwaletee mtu wa hesabu. Tafadhali usifunue ukurasa bado! Huyu bwana, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alisimama mbele ya mzee aliyeheshimiwa kuliko wote katika fani yake, na silaha aliyokuwa nayo ilikuwa ni hesabu zake mwenyewe.

Jina lake kamili ni Subrahmanyan Chandrasekhar, lakini ulimwengu ulimzoea kwa jina la Chandra, nami nitamwita hivyo. Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1910 mjini Lahore, mji ambao siku hizo ulikuwa India na leo uko Pakistan. Baba yake alikuwa mkaguzi wa hesabu za reli. Mama yake, Sitalakshmi, alipenda vitabu hata akatafsiri tamthilia ya Ibsen kwa Kitamil (sisi wa chama cha lugha tumpigie makofi kwa hilo). Ami yake, C. V. Raman, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Maji hufuata mkondo, na kijana akatia fora masomoni huko Madras.

Mwaka huohuo wa 1930 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Cambridge, Uingereza. Lakini mama alikuwa mgonjwa sana. Aende au abaki? Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri kwamba lazima aende. Basi tarehe 31 Julai akapanda meli Bombay. Hawakuonana tena, kwani mama alifariki mwaka uliofuata.

Sasa ndani ya meli, akivuka bahari ileile iletayo majahazi Lamu na Mombasa, kijana wa miaka 19 akatoa karatasi akaanza kukokotoa. Alikuwa anakokotoa nini? Hapa naomba tuende polepole.

Walimu wetu wa fizikia hutufundisha habari za kanieneo, yaani jinsi kitu kinavyobanwa. Ukipita kwa mafundi wa pancha hapa Thika, utawaona wakijaza gurudumu la lori upepo hadi kanieneo ifike kama mara saba ya ile ya hewa tunayovuta. Hiyo ni kidogo sana. Katikati ya dunia yetu kanieneo ni zaidi ya mara milioni tatu na nusu ya hewa. Nayo dunia si kitu mbele ya nyota. Ziko nyota ambazo zimemaliza moto wake na kujikunja, zinaitwa vibete vyeupe. Mojawapo inaandamana na Sirius, ile nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Ina uzito unaokaribia wa jua letu, lakini ukubwa wake ni kama wa dunia tu. Kijiko kimoja cha chai cha vitu vyake kina uzito wa tani kadhaa!

Kwani ni nini kinachoizuia nyota hiyo isiendelee kujibana? Ni elektroni. Mimi nakaa Ruiru na kila asubuhi napanda matatu kuja Thika, kwa hivyo nitaeleza kwa matatu. Tangu zile sheria za mwaka 2004, kila abiria ana kiti chake, na gari la watu 14 ni la watu 14 (mkiona wa kumi na tano, mimi simo). Elektroni nazo zina sheria kama hiyo, tena zenyewe hazihongi askari. Hazikubali mbili kukaa kiti kimoja. Ukizibana, zile zinazokosa nafasi hulazimika kwenda mbio zaidi na zaidi, na mbio hizo ndizo zinazosukuma nje na kuishikilia nyota.

Wakubwa wa wakati ule walidhani mambo yaliishia hapo, kwamba kila nyota, hata iwe kubwa vipi, itazeeka na kupumzika salama. Chandra akauliza swali moja tu. Je, elektroni zikikimbia hadi kukaribia kasi ya mwanga? Einstein alikwisha kuonyesha kwamba kasi hiyo haipitwi. Alipotia jambo hilo katika hesabu, jibu likamshangaza mwenyewe. Elektroni huelemewa. Kuna uzito ambao kibete cheupe hakiwezi kuupita. Hesabu zake za kwanza zilitoa uzito ulio chini kidogo ya jua moja, na leo, vitu vilivyomo ndani ya nyota vikijulikana vizuri zaidi, tunasema ni kama jua moja na nukta nne. Nyota inayokufa na uzito zaidi ya huo itaendelea kuporomoka.

Cambridge akapata shahada ya uzamifu mwaka 1933, kisha akarudi kwenye hesabu zile ili azikamilishe bila makadirio. Tarakilishi hazikuwako. Leo wanafizikia, hata hapa Kenya, hukokotoa kwa tarakilishi jinsi madini yanavyobadilika yakibanwa, nao wakaenda kunywa chai wakingoja jibu. Yeye alizungusha mashine ya hesabu kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu. Mzee Arthur Eddington, bingwa wa nyota duniani, alikuwa akimtembelea chumbani mara kwa mara kuuliza amefika wapi. Hata alimwombea muda zaidi wa kuzungumza mkutanoni. Lakini hakumwambia kwamba yeye mwenyewe angezungumza baada yake.

Tarehe 11 Januari 1935, huko London, Chandra alieleza kazi yake. Kisha Eddington akasimama, akaifanyia mzaha. Alidai ni upuuzi nyota iporomoke hivyo, na kwamba lazima iko sheria ya maumbile inayoikataza. Watu wakacheka. Chandra hakupewa nafasi ya kujibu. Kinachoniuma mimi zaidi ni kuwa wataalamu wakubwa kama Pauli walikubali faraghani kwamba kijana yuko sawa, lakini hadharani wakanyamaza.

Tulipojadili jambo hili chamani, baadhi ya wenzangu walisema Chandra alikuwa mwoga, kwa sababu aliandika kitabu chake mwaka 1939, akaiacha mada hiyo kwa miaka mingi na kufanya mengine. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Hesabu hakuifuta. Aliiacha kitabuni ilivyo, akahama Uingereza. Tangu mwaka 1937 alifundisha Chicago, Marekani, hadi uzeeni. Na Eddington hakumchukia, waliendelea kuandikiana barua. Hilo, kusema kweli, mimi nisingeliweza.

Ushahidi ukaja polepole, na sehemu yake ilitoka kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksirei angani. Kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili sanifu kabisa! Kwenye kundi la nyota la Centaurus, Uhuru iliona kitu kinachopigapiga kila baada ya sekunde tano hivi. Ilikuwa ni nyota iliyoporomoka kupita kibete cheupe. Katika Cygnus ilisaidia kutambua kinachoaminika leo kuwa shimo jeusi.

Tuzo ya Nobel ilimfikia Chandra mwaka 1983, zaidi ya miaka hamsini tangu safari ya meli. Alifariki Chicago tarehe 21 Agosti 1995. Miaka minne baadaye Wamarekani walirusha darubini kubwa ya eksirei na kuiita Chandra. Ile Uhuru yetu ilikuwa imekwisha kuanguka na kuungua hewani mwaka 1979.