Mbegha

Mbegha (pia: Mbega) alikuwa mwindaji kutoka milima ya Ngulu ambaye, kadiri ya mapokeo, alianzisha utawala wa Wakilindi katika Usambara, leo mkoani Tanga, Tanzania. Kwa kawaida anawekwa katika karne ya 18.

Habari zake zinatokana na masimulizi ya Wasambaa, hasa yale yaliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu Habari za Wakilindi. Inasimuliwa kwamba alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, hivyo ndugu zake wakamnyima urithi. Alihamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko. Kijana huyo alipouawa na nguruwe mwitu mawindoni, Mbegha alitoroka tena na mbwa wake hadi Usambara.

Huko nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba. Mbegha aliwaua, akagawa nyama na kuamua mashauri, hata watu wa Vuga wakamtawaza. Akiwa mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea, kwa hiyo alioa katika koo mbalimbali za wenyeji. Wanawe walitawala katika nchi za wajomba zao, na mgeni akawa mkwe wa karibu kila mtu. Alirithiwa na Buge, mwanawe kwa mke wa ukoo wa Wanango wa Vuga.

Undugu huo haukuzuia ugomvi milele. Baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Wakilindi walipigana wao kwa wao, na Semboja, mtawala wa Mazinde katika wilaya ya leo ya Korogwe, alimfukuza mfalme Shekulwavu kutoka Vuga.