Émile Zola: Gwiji wa riwaya aliyehifadhi familia yake ya siri katika picha

Wapenzi wa fasihi humjua Émile Zola kwa mambo mawili. La kwanza ni riwaya zake kuhusu maisha ya walalahoi wa Ufaransa, hasa Germinal ya mwaka 1885, inayosimulia mgomo wa wachimba migodi. La pili ni barua yake kali ya mwaka 1898 ya kumtetea Kapteni Alfred Dreyfus. Ni wachache wanaofahamu kwamba katika miaka minane ya mwisho ya uhai wake, gwiji huyu alikuwa mtumwa wa kamera. Hakuwa mpigapicha wa kulipwa, na hakuna aliyemtuma. Hata hivyo, alipofariki aliacha maelfu ya picha kwenye mabamba ya kioo, na katika nyingi ya hizo wamo watu watatu ambao sheria ya nchi yake haikumruhusu kuwatambua kuwa familia yake.

Zola alizaliwa jijini Paris mnamo Aprili 2, 1840. Baba yake, mhandisi mwenye asili ya Venice, alifariki mwaka 1847 na kuiacha familia katika ufukara. Kijana huyo alikulia mjini Aix-en-Provence, ambako rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Paul Cézanne, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri. Baadaye alirejea Paris, akafanya kazi katika kampuni ya uchapishaji, kisha akaanza mfululizo wa riwaya 20 uliomchukua zaidi ya miongo miwili na kukamilika mwaka 1893. Mapato ya riwaya mojawapo yalimwezesha mwaka 1878 kununua nyumba Médan, kijiji kilicho kando ya mto Seine.

Alikuwa amemwoa Alexandrine Meley mwaka 1870. Ndoa hiyo haikujaliwa mtoto.

Mwaka 1888 Bi Alexandrine aliajiri msichana wa kushughulikia nguo, Jeanne Rozerot, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Zola alikuwa na miaka 48. Kabla ya mwaka huo kwisha, wawili hao walikuwa wameanza uhusiano wa siri, na Jeanne akahamishiwa katika nyumba aliyokodiwa Paris. Binti yao, Denise, alizaliwa Septemba 1889 na kaka mtu, Jacques, Septemba 1891. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na Paris nzima ililala nje ya nyumba hiyo hadi barua isiyo na jina ilipomfikia Bi Alexandrine mwaka huo wa 1891. Alivamia makao ya Jeanne na kuziharibu barua alizozikuta humo.

Ndoa haikuvunjika, ila ilibadilika. Zola aliendelea kulala kwa mkewe, na alasiri akawa anakwenda kwa Jeanne na watoto. Wakati mmoja, familia hiyo ndogo ilipokuwa ikipumzika kijiji cha pili wakati wa kiangazi, yeye alibaki Médan akiwatazama wanawe kwa darubini kutoka nyumbani kwake. Sheria ya Ufaransa ilimzuia mume wa mtu kuwatambua watoto aliowazaa nje ya ndoa. Denise na Jacques waliitwa Rozerot.

Hapo ndipo kamera inapopata maana yake. Zola alikuwa ameonja sanaa hiyo mwaka 1888, alipofundishwa wakati wa likizo katika mji wa pwani wa Royan. Ila ni kuanzia mwaka 1894, baada ya kuumaliza mfululizo wake wa riwaya, ndipo alipoishika kwa dhati. Alikuwa na kamera kadhaa na vyumba vitatu vya giza vya kusafishia picha: nyumbani kwake Paris, Médan, na Verneuil, kijiji cha karibu alikomkodishia Jeanne nyumba ya kiangazi. Alizisafisha picha mwenyewe, akijaribu karatasi za aina mbalimbali.

Katika picha za Verneuil, Denise amevaa kofia pana, Jacques ameshika baiskeli, mama yao ameinama akishona. Alitumia pia kifaa cha kufyatulia kamera akiwa mbali nayo ili naye aingie pichani. Ndivyo alivyoketi mezani bustanini pamoja na Jeanne na watoto wakinywa chai, baba wa familia kama baba mwingine yeyote. Si picha zote zilizo nzuri. Watoto wamekakamaa katika baadhi yake, dhahiri wameamriwa wasitikisike. Lakini mwaka 1897 alizikusanya picha zao katika albamu aliyoipa majina yao na kuiita hadithi ya kweli. Mtu aliyejijengea sifa kwa kusisitiza kwamba riwaya sharti iseme kweli alikuwa na ukweli mmoja ambao angeweza kuuweka katika albamu tu.

Médan alipiga picha za mto, za theluji, na za magari moshi yaliyopita chini ya bustani yake. Paris alipiga barabara zilizolowa mvua. Kisha siasa zikaingilia kati.

Mnamo Januari 13, 1898, gazeti la L'Aurore lilichapisha barua yake kwa Rais wa Ufaransa ikiwashutumu wakuu wa jeshi kwa kumfunga Dreyfus, afisa Myahudi, kwa kosa la ujasusi ambalo hakulitenda. Zola alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Julai 18 alitoroka usiku kuelekea Uingereza bila mzigo wowote isipokuwa nguo ya kulalia iliyofungwa kwa gazeti.

Aliishi huko kwa majina ya bandia hadi Juni 1899, muda mrefu zaidi akiwa katika hoteli moja ya Upper Norwood, kusini mwa London. Hakujua Kiingereza. Mbwa wake mdogo aliyempenda alikufa Médan naye akiwa mbali. Aliandika asubuhi, na baadaye akatoka na kamera: njia panda zisizo na watu, maduka, wanawake waliovaa sketi ndefu wakiendesha baiskeli, na lile jumba kubwa la kioo, Crystal Palace. Jeanne na watoto walimtembelea. Bi Alexandrine naye akaja kwa wakati wake. Kamera ilizipokea nyumba zote mbili, kila moja kwa zamu. Picha za mitaa ya Norwood pengine ndizo bora kuliko zote alizopiga, kwani hapakuwa na mtu wa kumwamuru akae wima.

Mwaka 1900 alizunguka katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, akipiga picha hata kutoka juu ya mnara wa Eiffel.

Usiku wa kuamkia Septemba 29, 1902, hewa yenye sumu ilijaa chumbani mwake Paris kwa sababu bomba la moshi lilikuwa limeziba. Zola alifariki akiwa na umri wa miaka 62. Mkewe alinusurika. Dreyfus alihudhuria mazishi, na wachimba migodi waliandamana wakilitaja jina la riwaya yao.

Ni Bi Alexandrine, aliyewahi kuziharibu barua za Jeanne, aliyesaidia watoto wale wapewe jina la Émile-Zola. Alikuwa amekwisha kuwazoea baba yao akiwa hai, akitembea nao katika bustani ya Tuileries. Jeanne alifariki mwaka 1914, Alexandrine mwaka 1925. Denise aliandika kitabu kuhusu baba yake, kilichochapishwa mwaka 1931. Picha zenyewe zilibaki mikononi mwa familia, na umma ukaziona kwa upana mwaka 1979, mjukuu wa Zola aliposhiriki kuzichapisha kitabuni.