Tingatinga: Miaka minne ya brashi, nusu karne ya jina

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA katika mitaa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Barabara ya Samora hadi jirani na Mnazi Mmoja, si ajabu kukutana na kijana aliyebeba picha za rangi kali: chui mwenye madoa, tausi aliyetanua mkia, twiga wawili walioinamiana. Ukimuuliza ni picha gani hizo, atakujibu kwa neno moja tu kwamba ni tingatinga.

Wengi husikia neno hilo wakakumbuka mtambo wa kusukuma udongo barabarani. Wachache hukumbuka kwamba ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyeshika brashi kwa takriban miaka minne tu kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Marehemu Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo linaloitwa leo Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika familia ya wakulima wa hali ya chini. Elimu yake ilikuwa ya miaka michache ya shule ya msingi, na hakuwahi kukanyaga darasa la sanaa maishani mwake.

Kama vijana wengi wa kusini wa enzi hizo, aliondoka kwao katika miaka ya 1950 kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Mkonge haukumkalisha sana. Mwishoni mwa muongo huo alihamia Dar es Salaam, ambako jamaa yake alikuwa mpishi katika nyumba ya ofisa wa Kiingereza, naye akapata kazi ya kutunza bustani.

Jiji alilolikuta lilikuwa limegawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Oysterbay kwenye upepo wa bahari, Wahindi walishika maduka ya katikati ya mji, na Waafrika walijazana Kariakoo, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja vilivyoachwa wazi kutenganisha pande hizo mbili. Kibarua kama Tingatinga aliingia mtaa wa wakubwa kwa mlango wa bustani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 Waingereza wengi walifunga virago, na bustani zikabaki bila mabwana. Tingatinga akaingia katika maisha ya kubangaiza ambayo mkazi yeyote wa Kariakoo anayajua vizuri: kibarua hapa, biashara ndogo ndogo pale. Baadaye alipata ajira ya msaidizi katika Hospitali ya Muhimbili, Upanga, si mbali na Kariakoo, na hata alipokuwa ameanza kufahamika kwa uchoraji aliendelea kuwauguza wagonjwa.

Inasimuliwa kwamba wazo la kuchora lilimjia baada ya kuona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mitaani jijini, na wageni wakitoa fedha kuzinunua. Wapo watafiti wanaoliona chimbuko la mtindo wake mbali zaidi, katika michoro ambayo Wamakua wa Tunduru waliichora kwenye kuta za nyumba zao. Pengine yote mawili ni kweli. Ukutani alijifunza kuchora, mitaani akajifunza kwamba mchoro unauzika.

Alianza kuchora mwaka 1968. Turubai na rangi za wasanii ziliagizwa ng'ambo na bei yake haikuwa ya kibarua. Yeye alinunua hadibodi, ubao ule mwembamba ambao mafundi seremala hupigia dari, pamoja na rangi ya mafuta ya kopo, ile ing'aayo ambayo watu wa kawaida hupaka milango na baiskeli.

Hata ukubwa wa picha zake uliamuliwa na dukani. Ubao mzima ni futi nne kwa nane. Ukiukata katika miraba ya futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane na hakuna hata inchi inayotupwa. Ndiyo maana picha zake nyingi ni mraba wa kiasi cha sentimeta 60.

Rangi hiyo nayo ilimlazimisha namna ya kuchora. Haichanganyiki kwa upole kama rangi za wasanii wa vyuoni, wala haikubali kuwekewa nyingine juu kabla ya kukauka. Basi alipaka mandhari nzima kwa rangi moja au mbili, akaiacha ikauke, ndipo akamweka mnyama mmoja katikati, kisha akamaliza kwa madoa na mistari. Kile ambacho wahakiki walikuja kukisifu kuwa ni usahili, kwa kiasi kikubwa kilikuwa ni tabia ya kopo la rangi.

Karakana hakuwa nayo. Alifanya kazi nje, uani na chini ya mti, kwenye vitongoji vya Msasani, ambako jua na upepo wa pwani vilikausha ubao na harufu kali ya rangi ikapata pa kwenda. Aliyewahi kupaka mlango uani anajua ubaya wake: vumbi hunata, mdudu hutua mahali pasipotakiwa, na masika ikianza kazi husimama.

Jambo moja humshangaza mwandishi wa makala haya. Mtu huyu alichora akiwa amepigwa na upepo wa Bahari ya Hindi, lakini bahari ni nadra kuonekana katika kazi zake. Alichora chui, tembo, nyati na ndege, yaani wanyama wa bara. Majahazi, wavuvi na minazi viliingia kwa wingi katika picha za waliomfuata, wateja walipoanza kutaka kumbukumbu ya pwani. Alichokumbuka yeye, inaelekea, ni Tunduru.

Soko lake lilikuwa Morogoro Stores, kwenye Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, mahali ambapo mabalozi na wataalamu wa kigeni walifuata mahitaji ya nyumbani. Picha zilipangwa nje, na mkewe Agatha Mataka, aliyemuoa mwaka 1970, ndiye aliyesimamia mauzo. Aliyekuwa mtunza bustani wa Wazungu sasa aliwauzia kazi ya mikono yake kandokando ya barabara ileile.

Wateja walipozidi, aliwaita ndugu na jamaa wamsaidie: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda na Casper Tedo. Shirika la umma la National Arts of Tanzania nalo likaanza kununua kazi zake. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mnunuzi asiyetegemea bahati ya mpita njia.

Hakufaidi muda mrefu. Usiku mmoja mwaka 1972, polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu jijini walimdhania kuwa mmoja wao, wakampiga risasi na kumuua. Alizikwa Msasani, akiacha mjane na watoto wawili wadogo.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora palepale Morogoro Stores, kwanza kama ushirika usio rasmi, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Mpata alihamia Nairobi, akajijengea jina lililofika Japani, na alifariki mwaka 1984.

Mwaka 2010 jina hilo lilifika kwenye televisheni, katika filamu za katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa jijini Nairobi na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect. Watoto wa Ulaya wakalijua Tingatinga pengine kabla ya watoto wa Kariakoo.

Hapo ndipo palipo na ugumu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa Tingatinga muda huo ulikwisha mwaka 2022. Mtindo wenyewe haukuwahi kulindwa, kwa kuwa hakimiliki hulinda picha iliyochorwa, si namna ya kuchora. Yeyote anaweza kuchora tausi mwenye madoa na kumwita tingatinga, na wengi hufanya hivyo kihalali kabisa.

Kisicho halali ni kughushi saini. Mbao zake halisi, zenye maandishi E.S. Tingatinga, nyingi ziliondoka nchini ndani ya mizigo ya wageni walionunua kwa bei ya chee, na leo zinatafutwa na wakusanyaji kiasi kwamba za bandia nazo zimejaa sokoni.

Pale Morogoro Stores brashi hazijawekwa chini. Ila wachoraji wengi wamehama kutoka hadibodi hadi kitambaa, kwa sababu kitambaa hukunjwa na kuingia kwenye begi la msafiri.