Mtu Aliyeng'arisha Panga za Wengine

Wanachuo wenzangu, ukifungua kitabu chochote cha sanaa ya Japani utakutana na jina la Hon'ami Koetsu. Atatajwa kama mmoja wa waandishi watatu bora wa hati za mkono wa zama zake, atatajwa kwa bakuli zake za chai, na utaona picha ya kisanduku chake cha vifaa vya kuandikia. Kumbe hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kazi yake. Kazi yake, na ya baba yake, na ya babu zake, ilikuwa kutunza panga za kale za watu wengine: kuzisafisha, kuzing'arisha na kuzikagua. Mimi nataka nisimulie maisha yake kuanzia hapo, maana naona hapo pana neno letu sisi tunaosomea ualimu.

Nilikutana naye nikiwa mwaka wa pili, nikitafuta mifano ya uanagenzi kwa ajili ya kazi ya darasani. Nilitaka kujua jinsi watu walivyofundishana ufundi kabla ya vyeti na mitihani. Kazi ile niliikusanya na ikasahihishwa, lakini Koetsu nimebaki naye hadi leo.

Alizaliwa Kyoto mwaka 1558. (Kule jina la ukoo hutangulia: Hon'ami ni ukoo, Koetsu ndiye mwenyewe.) Nchi ilikuwa vitani, mabwana wakubwa wakipigana miaka nenda miaka rudi. Ukoo wa Hon'ami ulikuwa umeshika kazi moja tangu karne ya 14, ukiwahudumia watawala wa kijeshi waliofuatana. Baba yake, Koji, aliingia kwenye ukoo kwa kuasiliwa, akamwoa Myoshu, binti wa nyumba ile. Mtoto wao alikua akisikia mlio wa chuma kikipita juu ya jiwe lililolowa maji.

Sasa mtu anaweza kuuliza: upanga una nini cha kutunzwa hivyo? Si unanolewa tu ukikosa makali? Hapana. Panga zilizokuja nyumbani kwa kina Koetsu nyingi zilikuwa tayari za kale hata kwa watu wa zama hizo. Masamune, fundi anayesifiwa kuliko wote, alifua vyuma mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, yaani zaidi ya miaka 200 kabla Koetsu hajazaliwa. Mabwana wa vita walizikusanya panga hizo kama wengine wanavyokusanya mashamba. Bwana akishinda vita na ardhi ya kugawa ikiwa haitoshi, alimpa mtu wake upanga wenye jina, na mpokeaji alitoka kichwa juu. Toyotomi Hideyoshi, yule aliyewanyang'anya wakulima silaha zao kwa amri ya mwaka 1588, mwenyewe alikuwa mkusanyaji mkubwa wa panga za kale.

Na uzuri wa upanga hauonekani hivi hivi. Fundi wa kuufua hukunja chuma na kukigonga, akakikunja tena, mpaka kinapata nyuzi ndani yake kama mbao. Kisha hupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, akauchoma na kuutosa majini. Makali yanapoa haraka na kuwa magumu, mgongo unabaki laini usivunjike. Pale ugumu na ulaini vinapokutana hutokea mstari mweupe, mara kama mawimbi, mara kama mawingu. Vyote hivyo vimo ndani ya chuma, lakini mpaka mng'arishaji aje, macho hayavioni.

Mng'arishaji hukaa chini, ndoo ya maji pembeni, jiwe mbele yake. Anaanza na jiwe gumu la kutoa kutu na kurudisha umbo, kisha jiwe laini zaidi, kisha laini zaidi tena. Kila jiwe linafuta mikwaruzo ya lile lililotangulia. Mwishoni anatumia vipande vya jiwe vyembamba kama ganda, anavisukuma kwa kidole gumba taratibu, na mawe bora ya hatua hiyo yalichimbwa jirani na Kyoto kwenyewe. Upanga mmoja unaweza kula siku nyingi sana.

Lakini jambo lililonishika ni hili: jiwe haliongezi kitu, linapunguza. Kila unapong'arisha upanga unaondoa chuma, na chuma kikiondoka hakirudi. Upanga uliong'arishwa mara nyingi mno huchoka, ngozi yake ngumu inaisha na wa ndani unachungulia. Kwa hiyo mng'arishaji hodari sharti ajue mahali pa kuacha. Kuna doa la kutu la kuondoa na kuna doa la kuvumilia, kwa sababu kuliondoa kutagharimu upanga wenyewe.

Ndiyo maana utunzaji wa kawaida ni wa upole kabisa. Mpaka leo wenye panga za kale huzifuta mafuta yaliyochakaa kwa karatasi laini, hugongagonga juu yake kifuko kidogo cha hariri chenye unga wa jiwe, hufuta tena, kisha hupaka mafuta mapya kiasi cha utando tu. Kidole hakigusi chuma, maana jasho ni kutu ya kesho. Hata kuzungumza juu ya upanga ulio wazi ni mwiko, mate yasije yakarukia. Wengine hushika karatasi mdomoni ili wanyamaze. Na mafuta yenyewe kwa desturi ni ya karafuu! Wenzangu wa Unguja na Pemba msifurahi mapema lakini. Koetsu alipokuwa hai karafuu hazijafika Zanzibar. Zilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo.

Kuna sehemu moja ya upanga isiyosafishwa kamwe. Ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Hapo kutu huachwa ilale, kwa sababu rangi yake inaeleza umri, na hapo ndipo fundi alipochonga jina lake kama alichonga. Wengi hawakuchonga, Masamune mwenyewe ni nadra kukuta sahihi yake. Panga nyingine zilikuwa ndefu za kupigania juu ya farasi, baadaye zikakatwa chini ziwe fupi, na jina likaenda na kipande kilichokatwa. Ukibakiwa na chuma kisicho na jina, nani atakuambia ni cha nani? Hapo waliitwa Hon'ami. Walitazama nyuzi, mstari, umbo, kisha wakatamka. Hideyoshi alimpa mkuu wa ukoo, Kotoku, mamlaka ya kutoa hati za uthibitisho, na baadaye hati hizo zilitaja hata thamani kwa vipande vya dhahabu.

Hebu tafakari uzito wake. Neno moja la mkaguzi lilimtajirisha mtu au kumwaibisha, na mwenye upanga alikuwa bwana mwenye uwezo wa kukata kichwa. Koji aliwahi kuchongewa kwa Oda Nobunaga, mbabe wa zama hizo, akawa hatarini. Kumbukumbu za ukoo zinasimulia kwamba Myoshu alimvizia Nobunaga akiwa mawindoni juu ya farasi, akamzuia, akamtetea mumewe hadi akasamehewa. Huyo ndiye mama aliyemlea Koetsu. Aliishi hadi mwaka 1618, karibu miaka 90, na zawadi alizopewa alikuwa akizigawa kwa wenye shida. Alipofariki, nyumbani mwake hamkukutwa mali ya maana.

Koetsu alirithi kazi ya baba yake pamoja na posho ambayo ukoo wa Maeda, mabwana wa jimbo la Kaga, walimlipa Koji. Lakini jicho lililozoea kutazama chuma halikuishia kwenye chuma. Aliandika mashairi ya kale kwa hati yake juu ya karatasi ambazo mchoraji Tawaraya Sotatsu alizitangulizia michoro ya dhahabu na fedha: kwenye msokoto mmoja kuna kundi la korongo linaruka toka mwanzo hadi mwisho, kwenye mwingine ni paa. Alishiriki pia na tajiri Suminokura Soan kuchapisha vitabu vya kale kwa umaridadi ambao kabla ya hapo haukuwapo.

Mwaka 1615 ulikuwa mgumu. Ngome ya Osaka ilianguka, ukoo wa Toyotomi ukafutika, na Furuta Oribe, aliyemfundisha Koetsu mambo ya chai, akaamriwa ajiue kwa tuhuma za usaliti. Mwaka huo huo mtawala, Tokugawa Ieyasu, alimpa Koetsu ardhi Takagamine, kaskazini mwa Kyoto. Alihamia huko na jamaa zake na mafundi, wengi wao wa dhehebu moja la Kibuddha, wakajenga kijiji cha nyumba zaidi ya 50. Kulikuwa na watengeneza karatasi, watengeneza kalamu za brashi, mafundi wa vanishi. Ungeweza kukiita chuo, ila hakikuwa na ada.

Kabla ya hapo, akiwa na miaka hamsini na kitu, alikuwa ameshapata kiharusi. Mkono ulitetemeka, na mtetemeko huo unaonekana kwenye hati zake za uzeeni. Hakuacha. Alichukua udongo kwa mafundi wa ukoo wa Raku, akafinyanga bakuli, zikachomwa kwenye tanuri lao. Moja ilitoka nyeupe juu na nyeusi chini, ikaitwa Fuji kwa kufanana na theluji ya mlima ule, na leo ni Hazina ya Taifa. Kile kisanduku nacho ni hivyo hivyo: mashua za dhahabu, na juu yake ukanda mzito wa madini ya risasi. Maneno ya shairi yamezagaa juu ya kifuniko, lakini neno daraja halikuandikwa, kwa sababu ukanda wenyewe ndio daraja. Mimi nikiitazama picha yake namwona mtoto wa mng'arishaji: mtu anayejua kwamba uso wa kitu unasema, na anayejua nini aache.

Alifariki Takagamine mwaka 1637. Mahali pake pakawa hekalu, lipo hadi leo.

Sasa, ule ung'arishaji wake uko wapi? Upanga hupata kutu tena, ukang'arishwa tena, na kila jiwe linafuta mikwaruzo ya lile lililotangulia. Mkono wa mng'arishaji haudumu juu ya chuma. Bakuli zinabaki na jina lake. Kazi aliyoirithi imezama ndani ya panga zenyewe. Lakini panga zimefika. Mwaka 1719 mwanaukoo mwingine, Kochu, aliziorodhesha zile mashuhuri kwa amri ya mtawala Yoshimune. Mwaka 1876 raia walikatazwa kutembea na panga. Baada ya vita, 1945, nyingi zilikusanywa na kuharibiwa. Zilizookoka zinatunzwa bado, na mwaka 1975 taifa lilimpa heshima ya juu kabisa ya ufundi mng'arishaji mmoja, Nisshu, wa jina lile lile la Hon'ami.

Hapa ndipo ninapotaka tugombane kidogo. Hosteli tunasikia kila siku kwamba Elimu ni kozi ya waliokosa pengine. Eti daktari ana mgonjwa wake, mhandisi ana daraja lake, mwalimu ana nini? Jibu ni kwamba hana. Mtoto atapita mikononi mwa walimu ishirini, na kila mmoja atafuta mikwaruzo ya aliyetangulia, na siku akiwa mtu wa maana hakuna atakayejua jiwe lipi lilifanya nini. Ndivyo kazi ilivyo, tusidanganyane.

Ila tusijidanganye upande wa pili pia. Ukoo wa Hon'ami ulikaa juu ya jiwe moja kwa subira kwa sababu kuna aliyewalipa, vizazi na vizazi, bila kuwaambia kwamba utunzaji ni wito na wito haudai posho. Mkaguzi mwenye njaa angetamka lolote. Anayesema mwalimu aridhike na shukrani, aulize kwanza panga zile zingekuwa wapi.

Na sisi tutakaopangiwa shule karibuni tuna la kwetu. Darasani tutapewa watoto sitini, sabini, na jiwe gumu liko karibu siku zote: fimbo, kejeli, maksi nyekundu. Linang'arisha haraka, na linakula chuma. Mtoto hana akiba isiyoisha. Kuna doa la kuondoa leo, na kuna doa ambalo mwalimu mwenye jicho ataliacha, akapaka mafuta, akasubiri.